Nililia kwenye mkeka wa wanawake, sasa ninanyimwa kiti kwenye mahari ya binti yangu

"Wanaume wa kwetu wanakufa mapema kwa sababu hawajui kulia." Maneno hayo aliyasema mwanasaikolojia mmoja hapa Butembo, kwenye semina ya wanaume tuliokimbia vita, katika ukumbi wa kanisa. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote aliketi mstari wa mbele: kaka yangu mkubwa, tunayemwita Yaya, kiongozi wa wanaume kanisani. Mimi sikupiga. Si kweli kwamba hatujui kulia, na ushahidi ni mimi mwenyewe. Admin, naomba unifichie jina.

Nina miaka hamsini na mmoja, ni mwalimu. Tuliishi Oicha mpaka vita ilipotutoa, tukaja kujibanza kwa Yaya. Mtoto wangu wa kwanza, kijana mkubwa tayari, alikuwa akirudi Oicha kuvuna kakao, maana shamba lile ndilo lililotulisha. Siku moja wenye mapanga walimkuta humo. Tuliletewa mwili umefungwa kwenye blanketi.

Aliyekulia kwetu anajua matanga yanavyokaliwa. Wanawake ndani, kwenye mkeka, kando ya maiti, wanalia mpaka sauti zinakauka. Wanaume nje, kwenye moto, wanazungumza juu ya jeneza na hali ya barabara ya Beni. Niliketi hapo. Mtu akaniuliza ninataka mbao za aina gani. Nilikuwa ninamjibu, huku ninamsikia mke wangu ndani akiita jina la mtoto wetu. Kifua kikanibana, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nikamkumbuka mdogo wetu. Yeye naye alikaza uso kwenye moto kama ule alipofiwa na mkewe, na haikupita muda akaanguka sokoni, akafa. Daktari alisema ni tension, presha ya damu. Yaya alisema kaburini, tena kwa fahari: "Amekufa mwanaume."

Nikasimama, nikavua viatu, nikaingia ndani.

Shangazi mmoja akashtuka: "Papa, hapa ni kwa bamama!"

Mke wangu hakuinua hata kichwa. "Mumuache. Ni mutoto wake pia." Akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka. Nikalia. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na kifua kikafunguka.

Yaya akafika mlangoni. "Toka humo! Unatupatisha haya mbele ya batu! Uko mwanaume ao uko mwanamuke?"

Sikutoka.

Tangu siku hiyo jina langu ni Mama Kilio. Ninapita barabarani, wanaume wa ukoo wananiuliza: "Mama Kilio, leo unaenda kulia kwa nani?" Wanacheka. Nilivumilia, kwa sababu jina haliui. Mwanasaikolojia wetu amesoma, nami nimesoma vitabu hivyohivyo: mwanaume anayefunga mdomo anaugua moyo. Sawa. Lakini mbona wanaupima mdomo uliofungwa, hawamtafuti aliyeufunga? Mara nyingine ameketi mstari wa mbele, anapiga makofi.

Sasa binti yangu, mtoto pekee aliyebaki, amepata mchumba. Jumamosi ijayo upande wa kijana wanakuja kuzungumza mahari. Yaya ameniita mbele ya wanaume wa ukoo.

"Hatuwezi kuweka mbele mutu aliyeikala na bamama," akasema. "Useme mbele yetu kwamba siku ile kichwa yako iliharibika. Ukisema, utaikala kwenye kiti ya baba. Ukikataa, minasema mimi, na wewe unabaki jikoni. Si unapendaka kukaa na bamama?"

Wakacheka tena.

Binti yangu ananibembeleza: "Papa, sema tu. Ni maneno. Mimi najua si kweli." Anaogopa wakwe wakimkuta baba yake jikoni, watarudi na mbuzi wao. Mke wangu ananitazama tu, na mimi ninaukumbuka ule mkeka.

Nikisema kichwa kiliharibika, nitakuwa nimesema mwanangu hakustahili machozi ya baba yake. Nikikataa, ninayeumia ni yule aliyebaki. Ninyi mnaosoma hapa, nipeni shauri: mngekuwa mimi, mngechagua mtoto yupi?

Lakini kwako wewe mwanasaikolojia, na kwenu wanaume wote mliopiga makofi ukumbini, siombi shauri. Nyumba ya Yaya mnaijua. Jumamosi njooni mketi na wanaume, na Yaya akianza kusema badala yangu, mmoja wenu asimame amwambie mbele ya wakwe: "Baba wa binti yupo, aseme yeye." Mkishindwa hilo, msituite tena semina kutufundisha kulia.