Simu Yangu Iliamka Kuomba, Mimi Nikalala

Nimekosa. Nawaambia nyinyi kwanza kwa sababu hamnijui, na kesho Jumapili itabidi niwaambie wanaonijua.

Mimi ni mchungaji. Kanisa letu ni la mabati, liko Kianda, Kibera, na tuna tawi dogo Kawangware, ambako nimepanga na familia yangu. Ningeandika kwamba machozi yananitoka hapa nilipo, maana ndivyo wengi huandika kwa ukurasa huu wa maungamo. Silii. Nimekauka tu, kama sufuria iliyosahaulika kwa jiko. Sasa sikilizeni.

Mwaka jana nilichoka hadi nikalala katikati ya kikao cha wazee wa kanisa. Si kusinzia, kulala! Harusi huku, matanga kule, vijana, akina mama, ibada mbili Jumapili moja. Siku nyingine nikasahau kuweka wakfu mtoto wa watu. Walinisubiri tangu asubuhi, mtoto na nguo yake nyeupe, mpaka akalala nayo. Aibu ile ndiyo iliyonipeleka kwa semina ya watumishi kuhusu kupanga muda.

Aliyetufundisha alikuwa mchungaji wa mitaa ile yenye lami na miti. Alisema mtumishi anayebeba kila kitu kichwani lazima atamwaga. Neno la kweli, sipingi hata leo. Akatuonyesha kalenda ya simu: mikutano rangi nyekundu, familia manjano, kutembelea washirika nyumbani kijani. Kisha akatuonyesha programu inayotuma ujumbe yenyewe. Unaandika maneno mara moja, unaweka majina na saa, halafu kila siku simu inamtumia kila mtu ujumbe wenye jina lake, wewe ukiwa umelala zako.

"Watumieni wagonjwa neno la kuwatia moyo," alisema. Neno la kuwatia moyo! Hakutuambia tuseme tumewaombea. Hilo nililiongeza mwenyewe, msimlaumu.

Nikaandika hivi: nimeamka, niko magotini nakuombea saa hii, Bwana akuinue. Nikaweka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu ndiyo saa ambayo watu hutegemea mtu wa Mungu awe macho. Mimi huamka saa moja, na si kwa hiari.

Jina la kwanza nililoliweka ni la Mama Achieng.

Mama Achieng alitoka upande wa ziwa zamani, akauza samaki wa kukaanga pale Kianda mpaka miguu ikakataa. Nilipoanza kanisa na watu wa kuhesabika na ngoma moja, ndiye aliyekuwa akinifungia samaki kwa gazeti na kuniambia, "Pasta, kula kwanza. Hao mapepo utawakemea na nguvu gani?" Aliniita pasta hata kabla mimi mwenyewe sijaamini. Moyo wake ulipoanza kumsumbua, daktari alimwambia apumzike, asiinuke kwa haraka, asikae kwenye baridi.

Nikamwandika kwa kijani. Kumtembelea, Alhamisi. Alhamisi ikaja na kikao. Na hiyo kalenda, jamani, ina utamu wake! Hufuti kitu. Unagusa kile kisanduku cha kijani kwa kidole na kukivuta hadi wiki ijayo, na dhamiri inavutwa pamoja nacho. Nilimvuta Mama Achieng tangu mvua za Aprili hadi baridi ya Julai. Msidhani alikuwa mbali. Kila Jumapili nilikuwa Kianda nikihubiri, na kutoka kanisani hadi mlangoni kwake ni kuvuka mtaro na kupinda mara moja.

Wasiwasi sikuwa nao, kwa sababu alikuwa akijibu. Kila asubuhi, "Amina pasta." Nikiamka nakuta Amina za wagonjwa zimejipanga kwenye simu, nanywa chai nikizisoma, najiona mchungaji kamili. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi wa mwenzangu niliutwika simu, hata huo usufi sikuuhisi.

Asubuhi moja Amina yake haikuja. Sikutambua. Nilitambua saa nne, Achieng aliponipigia. Achieng ni bintiye, fundi wa kushona sare za shule, ndiye aliyekuwa akiishi naye.

"Pasta, mum ameanguka. Tuko hosi. Kuja."

Nilienda hospitalini. Kwa mara ya kwanza kile kisanduku nilikivuta kurudi nyuma, hadi siku ileile. Nilipofika alikuwa ameshakata roho, wamemfunika, na Achieng amekaa kwenye benchi ameshika viatu vya mamake.

Kabla ya kusafirishwa nyumbani kuzikwa, mwili ulipitishwa kanisani. Watu walijaa mpaka nje. Achieng akasimama kutoa shukrani, akashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Wenye hamjui pasta wetu, wacha niwaambie," alisema. "Hii miezi yote mum amekuwa mgonjwa, pasta hajawahi kukosa hata asubuhi moja. Saa kumi na moja na nusu simu inalia, mum anashuka kwa kitanda. Namwambia, 'Mum, si daktari alisema ulale?' Ananiambia, 'Pasta ako magoti ananiombea saa hii, na mimi ndio mgonjwa, nilale?' Nikaona nimwekee leso hapo chini, maana hiyo simiti ni baridi. Hata siku yenye alianguka, alikuwa anashuka kuomba na pasta. Na hata leo asubuhi, mum akiwa mochari, pasta ametuma. Huyu ni mtu wa aina gani?"

Kanisa likapiga makofi. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Huyo haachi kondoo wake hata mochari!"

Nilikuwa nimeketi mbele, Biblia mapajani. Mngetarajia nianguke pale! Sikuanguka. Niliinamisha kichwa polepole, kama mtu asiyependa kusifiwa. Kosa la kwanza ningeweza kulisukumia uchovu. Hili la pili nililifanya nikiwa macho kabisa, mchana, mbele ya jeneza la mtu aliyenilisha.

Daktari hakusema ni sakafu iliyomuua. Moyo wake ulikuwa umechoka kitambo. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na ni kweli, na hainisaidii.

Tuliporudi kutoka mazishini nikaondoa jina lake kwenye ile programu. Kesho yake Achieng akanipigia kabla sijanawa uso.

"Pasta, uko sawa? Leo hujatuma. Nimepiga magoti nikangoja, nikadhani umeshikwa na homa."

Kumbe bado alikuwa akiamka na simu ya mamake! Alikuwa akishuka palepale, juu ya leso ileile. Nikamwambia simu yangu iliisha chaji. Kisha nikalirudisha jina. Jina la marehemu, kwa kidole changu, nikiwa na akili zangu timamu.

Sifa zikaenea. Watu wakawa wananivuta kando baada ya ibada: "Pasta, si uniweke pia kwa hiyo maombi ya alfajiri?" Nikawaweka. Wa Soweto East na wa Kambi Muru kule Kibera, wa huku Kawangware. Kanisa lilikuwa halijawahi kuwa na alfajiri yenye watu wengi hivyo magotini, na kiongozi wao anakoroma.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia jikoni kwangu. Akina mama wa kanisa walimpongeza mke wangu kwa kuvumilia mume anayeamka usiku usiku kuombea watu. Akaja nyumbani, akaanza kukata mboga za sukuma.

"Baba Imani, wanasema unaamka saa kumi na moja na nusu kuomba."

Nikageukia kabati, nikajidai natafuta kikombe.

"Wewe? Huyu mwenye mimi huamsha na teke?"

Nilidhani atacheka. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu ili tucheke wote. Nikamweleza basi, yote, na kisu kikaendelea kukata bila kubadilisha mwendo. Alipomaliza fungu lile akasema, "Mwambie Achieng kabla sijamwambia mimi."

Jana nilienda. Sikuandika popote kwenye kalenda. Nilimkuta kwenye kibanda chake njia ya Olympic, anashona kola ya shati la shule. Alifurahi kuniona, akanipangusia stuli.

"Pasta! Sasa leo umenikumbuka."

Sikuketi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, tangu semina hadi jina nililolirudisha. Mashine ikasimama. Aliinyoosha ile kola kwa kiganja.

"Hata siku moja?" akauliza. "Hukuamka hata siku moja?"

Njia ya kutorokea ilikuwa wazi. Ningesema siku nyingine niliamka, nani angejua? Alikuwa karibu kunisihi niseme hivyo, niliona machoni mwake.

"Hata moja," nikasema.

"Kwa hivyo pale chini mum alikuwa anaomba peke yake."

Neno la kichungaji likanijia mdomoni, kwamba Mungu alikuwa naye. Nikalimeza. Ni kweli, lakini si mimi wa kumwambia.

"Toa namba ya mum. Hapa, nikiona."

Nikatoa simu. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, nikamwonyesha.

"Na hao wengine?"

"Nitawatoa."

"Usiwatoe kimyakimya vile ulifanya na mum. Waambie Jumapili, na mdomo yako. Mimi nitaketi mbele."

Akaanza tena kushona. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, ningekuwa na kitu cha kubeba nikienda. Nilisimama pale nikisubiri mpaka mzazi mmoja akaja kuchukua sketi ya mtoto, nikaona nazuia mlango.

Leo alfajiri niliamka. Mke wangu hakuniamsha. Nilishuka kitandani, nikapiga magoti kwenye simiti bila leso, nikawataja watu wangu mmoja mmoja. Msitarajie niseme mzigo ulitoka. Sikusikia kitu. Niliomba kama mtu anayesoma majina shuleni. Nilichosikia ni magoti, yaliuma vibaya! Nina magoti mazima na moyo mzima, na nilitaka kuinuka kabla sijafika katikati. Mama Achieng alikuwa mzee, miguu imevimba, na ninavyomjua hakuinuka mpaka alipodhani mimi nimemaliza.

Kesho sijui watanifanya nini. Huenda wazee wakanisimamisha, na ni haki yao. Huenda wengine wasirudi kanisani kabisa, na hilo ndilo lingenitisha kama bado ningekuwa na nafasi ya hofu. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu. Yangu yameumbuliwa na kifo cha mtu mwingine.

Watumishi wenzangu, kalenda si dhambi. Bado ninayo, na mtoto wa watu hatalala tena na nguo nyeupe akinisubiri. Pangeni kazi zenu, wekeni kengele, wekeni rangi mpendazo, simu iwakumbushe. Lakini jamani, nawasihi! Usimwandikie mtu kwamba umemwombea kabla hujamwombea. Omba kwanza, hata sentensi moja, hata ukiwa kwenye foleni ya maji, halafu ndipo utume. Kama hujaomba, mwambie hujaomba, au nyamaza. Sisi tunaona ni ujumbe tu. Upande ule mwingine mgonjwa anashuka kitandani ili asikuache ukiomba peke yako.