Dawa Iliyobaki Kwenye Bomba

Fundi Bomba alikuwa na sharti moja ambalo hakuna mwajiri aliyewahi kumwondolea: dawa haimwagwi. Tangu ujana alipulizia mashamba ya watu, bomba mgongoni mpaka mabega yakaota sugu, na kilichobaki chini ya tangi alikimalizia kwenye mstari uliofuata. Mabosi walimsifu kwa hilo. Yeye alijisifu kuliko wao.

Kituo cha utafiti kilipomwajiri, kilikuwa na sharti la kinyume. Ndani ya banda la nailoni matuta ya nyanya yaligawanywa pande mbili. Upande wa mlangoni ulipuliziwa dawa mpya. Upande wa ndani ulipuliziwa maji matupu, uachwe uugue ukungu wa kijivu, ili tofauti ionekane. Dawa iliyobaki imwagwe shimoni, nje.

Mtafiti wa banda, mwanamke aliyeitwa na wote Daktari, alimweleza sababu.

"Hii si sumu, Fundi. Ni ujumbe, unaitwa RNA. Ukungu ukiunyonya kutoka kwenye jani, unaukatakata, na vile vipande vinanyamazisha jeni moja ya ukungu wenyewe. Bila jeni hiyo hauwezi kujenga ngozi yake, kwa hiyo hausambai."

"Yaani unajinyamazisha wenyewe?"

"Ndiyo hivyo. Lakini lazima nioneshe kwamba ni dawa iliyofanya kazi, si bahati. Ndiyo maana upande wa ndani usiguswe. Wakulima huko nje ya uzio wanang'oa nyanya zao zilizougua, wakisubiri jibu letu."

Jioni alimsimulia mkewe, naye akacheka mpaka akashika mbavu. "Dawa ya kunyamazisha, halafu unarudi mikono mitupu? Ungeniletea kikombe, nikupulizie usiku ukianza kukoroma."

Mara ya kwanza alimwaga mabaki shimoni, na roho ikamuuma kama aliyemwaga maziwa ya mtoto. Mara ya pili aliona upande wa ndani maua yamevaa manyoya ya kijivu, na vinyanya vinaoza kabla ya kukua. Kwenye tangi vilibaki kama vikombe viwili. Akachungulia mlangoni.

"Kidogo tu," aliuambia mche.

Tangu siku hiyo, kila alipopulizia, mabaki yaliishia huko. Tusimpambe kwa huruma yake. Alikuwa ameambiwa sababu, na aliielewa.

Wakati wa mavuno Daktari alihesabu matunda yaliyooza, akarudia. Pande zote mbili zilikuwa karibu sawa. Mkurugenzi wa kituo alikuja, akatembea kati ya matuta mikono nyuma.

"Hata hizi za maji zimepona. Ukungu wa mwaka huu ulikuwa goigoi tu. Dawa yako haijafanya kitu, Daktari. Tunafunga."

Fundi alikuwa kwenye bomba la maji, anasuuza tangi lililokwisha kutakata. Hakuinua kichwa.

Nyumbani hakugusa chakula. Mkewe alimtazama, akasogeza sahani kando.

"Haya, sema."

Akasema yote.

"Uliiba?"

"Sikuiba hata tone."

"Mbona unaongea kwa sauti ya mwizi?"

"Nikiwaambia namwaga unga, mama watoto. Kwa umri huu nani atanipa bomba?"

"Na usipowaambia?"

"Wanaitupa dawa. Nayo inafanya kazi. Nimeiona kwa macho yangu."

"Basi wewe ndiye unayeitupa. Miaka yote umenichosha masikio, dawa haimwagwi, dawa haimwagwi. Leo unataka kumwaga yote ili ubaki na bomba?"



Asubuhi alimkuta Daktari akipanga vitu vyake kwenye maboksi.

"Daktari, upande wa ndani haukupata maji peke yake."

"Ulipata nini?"

"Mabaki. Kila mara nilipopulizia."

Daktari alikaa juu ya boksi. "Nilikueleza, Fundi."

"Ulinieleza."

"Ukaelewa."

"Nilielewa."

Hakumfokea, na hilo lilimkata maini kuliko matusi. Walikwenda kwa mkurugenzi pamoja, na Fundi akarudia maneno yale yale bila kuongeza kisingizio. Mkurugenzi alikubali jaribio lirudiwe tangu mwanzo, kwa sharti kwamba mzee huyo asishike bomba tena kituoni.

Miche yote iling'olewa ikachomwa, mingine ikapandwa. Kijana mwingine alipulizia, na mabaki yakaenda shimoni. Safari hii ukungu ulikula upande wa ndani bila aibu, na upande wa mlangoni ukasimama na nyanya zake. Fundi aliiona tofauti hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kazi yake mpya ilikuwa kuzoa matunda yaliyooza na kuyatoa nje kwa toroli.

Vikombe vile viwili vilimgharimu bomba lake na sehemu ya mshahara wake. Wakulima wa nje ya uzio viliwagharimu msimu mzima wa nyanya, wakisubiri jaribio lirudiwe, na wao hawakuwa wamevunja sharti lolote.