Theluji ya Kimulot

Majani ya chai yakipigwa na mvua ya mawe hutoa harufu kali ya kitu kibichi kilichopondwa, na harufu hiyo hutanda mteremko mzima hadi ndani ya nyumba. Kwetu Kimulot, karibu na msitu wa Mau, tuliizoea kama harufu ya maziwa. Wageni hushangaa wakiambiwa kwamba pande hizi za Kericho na Bomet, karibu kabisa na ikweta, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa sana na mvua ya mawe. Sisi watoto hatukushangaa. Tulidhani dunia nzima iko hivyo.

Nilipokuwa darasa la tano alikuja mwalimu mpya kutoka upande wa ziwa, Madam Atieno, akatufundisha kuhusu theluji. Alikiri hajawahi kuiona, lakini aliizungumzia kama jamaa wa mbali anayempenda. Alisema chembe ya theluji huwa na pembe sita. Kwamba kwa kweli haina rangi, ni mwanga tu unaotawanyika ndani yake. Kwamba Kilimanjaro na Mlima Kenya hubeba barafu kileleni huku watu wa chini wakipalilia mahindi juani. Mimi, mjuaji wa darasa, nilisimama. "Madam, hata huku kwetu inaangukanga. Nitakuletea." Wenzangu wakacheka, naye akasema, "Sawa, Chebet. Lete tuhesabu pembe."

Mvua ikaja Ijumaa alasiri, mabati yakapiga kelele hata tusisikilizane. Kogo, yaani bibi yangu, alirusha kigoda uani kama alivyofanya siku zote ili mawe yakome. Mimi nilichukua sufuria. Yalipopungua kidogo nilitoka, nikawa naokota na kupasua moja moja, nikitafuta zile pembe. Hazikuwepo. Kila jiwe lilikuwa la mviringo, lenye tabaka ndani kama kitunguu. Usilolijua ni usiku wa giza. Nilikuwa nimeahidi theluji na mkononi nilikuwa na kitu kingine kabisa. Hapo ndipo Kogo alipoita kutoka mlangoni, "Chebet! Mama yako ako wapi?"

Mama alikuwa shambani akichuma. Kila mchumaji anajua la kufanya mawe yakianza: mwaga majani, jifunike kikapu kichwani, kimbia. Mama hakumwaga. Alijua shamba likishapigwa hakuna cha kuchuma kwa majuma mengi, kwa hiyo alikiinamia kikapu na kuyafunika majani kwa mwili wake. Tulimkuta ameketi kati ya michai iliyobaki vijiti, damu ikimtiririka nyuma ya sikio. "Yako sawa," alisema, akimaanisha majani. Nililia kwa hasira. Nilimchukia kila mtu aliyewahi kunywa chai. Kogo alimfunga leso kichwani, akamwambia, "Chai itachipuka. Na kichwa je, kitachipuka?"

Mama alipona, ingawa sikio lile halisikii vizuri hadi leo. Mambo yamebadilika tangu siku hizo. Mashamba makubwa huchuma kwa mashine, na utabiri wa mvua tunausoma kwenye simu. Wanasema barafu ya Kilimanjaro inazidi kupungua. Mawe ya kwetu bado yanakuja yanapotaka.

Juzi ndugu yangu mdogo, anayefanya kazi Kanada, alituma video ya theluji ikianguka nje ya dirisha lake. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mama aliitazama, akairudia, huku nikimweleza yote aliyotufundisha Madam Atieno. Hakuonekana kujali pembe. Aliivuta simu karibu na sikio lake zima, akasikiliza kwa muda.

"Hii inaanguka bila kelele?"

"Ndiyo, mama. Kimya kabisa."

Akanirudishia simu, uso umejaa huruma kwa watu asiowajua. "Sasa mtu akiwa shambani, atajuaje akimbie?"