Picha ya Tairi Lililolegea

Nimekutumia picha nyingi tangu nifike Australia, na karibu zote umezipenda. Ulimcheka yule kangaruu aliyesimama katikati ya barabara alfajiri kama askari wa trafiki anayengoja chai. Ulishangaa kuona mikaratusi ile ile iliyozunguka shule yetu Kinangop, kumbe kwao ni huku. Uliuliza kama ngamia wa porini wana mwenyewe. Picha moja tu ndiyo uliyoijibu, "Na hii ni ya nini?" Ni ile ya tairi lililolegea kwenye mchanga mwekundu.

Siku hizi naendesha gari la wageni wanaopenda kulala kwenye mahema. Kila lami inapoishia, nashuka kupunguza upepo wa matairi. Sauti ile ya fsss ikianza, mimi siko Australia tena. Niko nje ya Riyadh, na kando yangu kuna bibi kizee ameinamisha kichwa anasikiliza.

Unakumbuka miaka ile ambapo kila soko lilikuwa na wakala wa kazi za Arabuni. Mama aliuza ng'ombe wetu wa maziwa ili nipate kwenda, akabaki anakunywa chai ya strungi, isiyo na maziwa. Nilishuka Jeddah, hewa ikanivaa kama blanketi lililotoka kwenye maji moto, kisha nikapandishwa basi la Riyadh. Wenzangu walilala. Mimi na miguu yangu isiyotulia tulikodoa macho dirishani mpaka shingo ikakakamaa. Kwenye milima ya Taif niliona nyani wamekaa kando ya barabara wakiomba ndizi kwa wenye magari, tabia ile ile ya nyani wetu. Nikajiambia, kama hawa wameweza kuishi hapa, mimi nitashindwaje? Baada ya hapo ilikuwa ardhi tupu, saa baada ya saa, nami nikiipenda bila kujua kwa nini.

Kafili, yaani mwajiri wangu, alinipokea katika mtaa wa Batha kwenye kelele za mabasi na wauza simu, akanipeleka nyumbani kwake, mtaa wa Malaz. Alikuwa mtu mpole wa maneno machache. Aliniambia nina miezi mitatu ya majaribio. "Mimi sina neno," alisema. "Ukimpendeza mama yangu, utabaki."

Dada wa jikoni, Mkenya mwenzangu kutoka Kakamega, ndiye aliyenimalizia habari huku akinimiminia chai.

"Huyo shosho amerudisha madereva wawili kabla yako."

"Walifanya nini?"

"Mmoja alikuwa anapiga honi sana."

"Na wa pili?"

"Alikuwa hapigi."

Basi nikaanza kuishi kwa kumsikiliza shosho huyo, bibi kizee mama wa kafili. Niliamka kabla ya adhana kuosha vumbi kwenye gari, na nyumba ikiamka nilikuwa nikisikia harufu ya kahawa na iliki ikishuka ngazi. Bibi alikaa nyuma yangu na fimbo yake. Akigonga kiti changu mara moja, ni kulia. Mara mbili, ni kushoto. Hakuniambia zaidi ya hapo. Ijumaa nilikwenda Batha kutafuta unga wa ugali na kusikia lugha ya nyumbani, na kila mtu aliniuliza swali moja: shosho anasemaje? Shosho hakuwa akisema kitu.

Mwezi wangu wa tatu mvua ikanyesha, na radi juu yake. Nyumba nzima ikaanza kuzungumza habari za fagaa, uyoga wa jangwani unaokua chini ya udongo kama viazi baada ya radi. Kafili alikuwa Jeddah kikazi. Bibi hakutaka kumngoja. "Yalla," alisema, yaani twende, akaingia kwenye gari na zulia lake, birika la kahawa na tende. Dada akapanda kando yake. Tukaondoka.

Lami iliisha, nami nikapunguza mwendo kwa adabu. Gari likazama mchangani.

Wewe ni mtu wa Kinangop, kwa hiyo utanielewa. Gari kukwama kwetu ni jambo la kila msimu wa mvua, na dawa yake tunaijua tangu tungali wadogo: unakata matawi, unayatia chini ya matairi, unakanyaga mafuta kwa nguvu zako zote. Lakini pale hapakuwa na mti hata mmoja. Nikatazama huku na huku, nikaona zulia la bibi. Nikalitia chini ya tairi, nikakanyaga mafuta. Tairi likalimeza zulia, likalitafuna, likalitapika nyuma vipande vipande, na gari likakaa mchangani kwa tumbo.

Bibi akasema kitu kutoka kiti cha nyuma.

"Anauliza kama kwenu magari hupandwa kama viazi," dada akanitafsiria.

"Mwambie kwetu hivi ndivyo tunavyofanya kwenye matope."

"Mwambie wewe. Mimi nimeshaanza kukuaga."

Nilimwona mama na kikombe chake cha strungi. Nilikuwa nimebakiza siku chache tu za majaribio, na zulia lilikuwa limetapakaa mchangani mbele ya macho ya mwenyewe.

Bibi alishuka taratibu, akitafuna tende. Akaitoa kokwa mdomoni, akaifuta, akainama penye tairi. Kwa ncha ya kokwa akabonyeza pale pa kujazia upepo. Fsss! Nikapiga kelele. Kwetu gari likikwama unaweza kupoteza viatu, hata bampa, lakini upepo wa tairi huuachilii.

"Anaharibu gari!"

"Nyamaza, kaka," dada akasema.

Bibi alikuwa amefumba macho, kichwa upande, kama mtu anayesikiliza chungu kinavyochemka ajue kama wali umeiva. "Bas," akasema. Inatosha. Tairi lilikuwa limelegea kama mguu wa ngamia unapokanyaga. Akaniwekea ile kokwa kiganjani. Matairi matatu yaliyobaki yalikuwa yangu, na nilipoacha mapema alitikisa kichwa mpaka sauti ya upepo ikamridhisha. Nikawasha gari. Likainuka kama ngamia, nyuma kwanza, likatoka.

Fagaa tuliipata. Dada aliipika na wali na samli, na ladha yake ilikuwa ya kiazi kilichotembea dunia. Kafili aliporudi kutoka Jeddah akauliza zulia liko wapi. Nilisimama mlangoni. Bibi akajibu kwa kirefu, na dada akaninong'oneza kwa kifupi: "Anasema lilikuwa zee. Anasema dereva huyu hajui kitu, lakini ana masikio. Abaki."

Nilibaki miaka. Kila mvua tulirudi mchangani. Mara moja nilimpeleka bibi Jeddah, akaitazama bahari kidogo, akasema ni maji mengi na hakuna ya kunywa, turudi. Na mama yangu alinunua ng'ombe mwingine.

Sasa bibi ametangulia mbele ya haki. Dada ana kibanda chake cha chapati Kakamega. Naambiwa tulipochimba fagaa pamejengwa nyumba, na wanawake wa mji ule wanajiendesha wenyewe. Hilo la mwisho nililiona likianza, maana ndilo lililonitoa. Mjukuu wa bibi alipata leseni, kafili akanishika mkono akasema halas, kazi imekwisha, nami sikununa. Miguu ilikuwa imeshaanza kuwasha.

Siku niliyoondoka, msichana yule ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege. Nilikaa mbele, mikono haina kazi. Nyuma walikaa bibi na dada. Kabla ya kufika, fimbo ikagonga kiti cha mjukuu mara mbili.

"Bibi, atachelewa!"

"Ndege ni nyingi," bibi akasema.

Tukaingia mchangani, tukazama. Nikashika mlango nishuke, fimbo ikatua begani kwangu. Nikatulia. Mjukuu akashuka, bibi akampa kokwa ya tende dirishani, na msichana na kucha zake zilizopakwa rangi akapiga magoti. Fsss. Bibi akainamisha kichwa, akasikiliza, akakunja uso. Masikio yake yalikuwa yamechoka mwaka ule. Fimbo ikanigusa bega tena, polepole.

Nikafumba macho. Nikasikiliza.

"Bas," nikasema.