Mama Akidi na Kikao cha Wodi ya Mifupa

Simu imebanwa kati ya sikio na bega. Mkono wa kulia unapiga mihuri barua, wa kushoto unakoroga chai. Milango ya jumba la sanaa la umma bado imefungwa, lakini katibu muhtasi wake tayari yuko vitani.

"Uko njiani?" anauliza. "Sawa, mheshimiwa. Njiani kutoka wapi kwenda wapi?"

Upande wa pili yanasikika maji ya bafuni yakimwagika. Mjumbe anashikilia kwamba yuko njiani.

"Basi jifute povu uje," anasema katibu, na kuweka simu chini. Kisha anageuka na kutabasamu. "Huyo atafika. Mtu anayedanganya huku anaoga ana nia ya kutoka nyumbani. Wa kuogopa ni yule anayekwambia 'nitajitahidi'."

Mlinzi wa getini, wauza vitabu wa barabarani, hata mkurugenzi anapojisahau, wote wanamwita Mama Akidi. Akidi ni ile idadi ya wajumbe ambayo bila hiyo kikao si kikao, ni watu wanaokunywa chai tu. Bodi ya jumba hili ina wajumbe tisa na akidi yake ni watano.

"Kwenye karatasi tisa ni wengi," anasema. "Nenda sasa kawatafute. Utateka maji kwa pakacha."

Alianza kazi hapa akiwa mpokezi, akikata tiketi mlangoni. Katibu wa zamani alipostaafu, akapandishwa ngazi hadi ofisi ya juu, penye meza, kabati la faili na dirisha lisilofunguka. Mshahara nao ulipanda, ila kwa ngazi nyingine yenye vipandio vichache. "Unanifikisha tarehe ishirini," anasema. "Kutoka hapo mpaka mwisho wa mwezi tunakwenda kwa imani."

Mumewe ni fundi bomba. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtania paa la jumba lilipoanza kuvuja. "Mimi nalipwa kuzuia maji," aliwaambia majirani, "mwenzangu analipwa kuyakinga."

Maana ndivyo ilivyokuwa. Kila mvua iliponyesha, katibu na mlinzi walikimbizana na ndoo chini ya picha kama watu wanaolisha kuku. Mkurugenzi, mtu mpole anayependa kufuata taratibu, alifanya kazi ofisini kwake huku amefungua mwavuli. Fedha ya ukarabati ilikuwepo, lakini kanuni ilikataa jengo kuguswa bila idhini ya bodi. Na bodi ilikuwa imevunjika vipande viwili kwa sababu ya mbuzi.

Mbuzi mwenyewe ni wa kuchora. Ni beberu mwenye ndevu ndefu nyeupe, kidevu juu, amesimama kama anayesubiri kukaribishwa jukwaani. Mchoraji aliipa picha hiyo jina la "Mheshimiwa". Aliyeongoza kamati ya kuichagua ni makamu mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, mama ambaye mpaka leo akiingia chumbani watu hukaa wima.

Siku ya ufunguzi, mgeni mmoja aliitazama picha, akageuka akamtazama mwenyekiti wa bodi, akarudi kwenye picha. Kisha akakohoa kikohozi kisichokuwa na mafua.

Mwenyekiti ni mhandisi wa barabara aliyestaafu. Wakati huo alikuwa na ndevu ndefu nyeupe.

"Kesho yake akaja amenyoa," anakumbuka Mama Akidi. "Hapo ndipo hata sisi ambao hatukuwa tumeona tukaona."

Mwenyekiti akaapa kwamba hatakaa kikao kwenye jengo lenye yule mnyama. Makamu akajibu kwamba picha haiondolewi bila uamuzi wa bodi. Wajumbe wakagawanyika: wanne, makamu akiwemo, wakawa wanaingia ndani; watatu, mwenyekiti akiwemo, wakawa wanabaki nje, wamekaa kwenye magari yao. Mjumbe wa nane alikuwa amehamia ng'ambo. Wa tisa alikuwa marehemu, na kwa kuwa kumwondoa kwenye orodha kulihitaji akidi, kila kikao aliandikwa kuwa ametoa udhuru.

"Ndiye pekee aliyekuwa na udhuru wa kweli," anasema katibu.

Hivyo wakakwama. Bila akidi mbuzi hatoki, mbuzi asipotoka mwenyekiti haingii, na mwenyekiti asipoingia hakuna akidi. Mama Akidi alipanda na kushuka ngazi akibeba maneno kati ya ukumbi na maegesho. "Mwambie sishuki." "Mwambie sipandi." Alikonda, anasema, na viatu vikaisha upande mmoja.

Jambo hili lingebaki kuwa kichekesho kama si picha ya mchora mabango.

Mzee huyo ameishi kwa kuandika majina ya maduka na vinyozi. Picha moja tu katika maisha yake ndiyo iliyoingia jumbani, nayo ni ya uwanja mkavu wenye kamba ya nguo na jua kali. Kila Ijumaa alikuja kuiangalia, amevaa shati lililopigwa pasi. Ijumaa moja baada ya mvua ya usiku kucha, alikuta doa la kahawia limeshuka kutoka pembe ya juu hadi katikati ya anga.

Alisimama pale muda mrefu. Katibu alikuwa kando yake na kitambaa mkononi, asijue aanze kufuta wapi.

"Binti yangu," mzee alisema mwishowe, "mimi nilichora kiangazi. Nyinyi mmeongeza masika."

Akaondoka. Ijumaa iliyofuata hakuja, wala ile ya pili.

"Nilicheka pale pale, maana neno lenyewe lilikuwa la kuchekesha," anasema Mama Akidi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mkono wa mhuri unatulia. "Halafu nikaenda chooni nikalia. Nikasema, akidi hii nitaipata hata kama ni kwa kuwabeba mgongoni."

Haikumbidi kumbeba mtu. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyebebwa.

Alikuwa amesikia uvumi kwamba mbuzi ameondolewa kimyakimya. Siku moja ya mvua, akidhani wafanyakazi wamekwenda kula, akaingia kwa kunyata ili kuhakikisha. Sakafu ilikuwa imelowa. Kishindo kilisikika hadi ghorofani. Katibu alipofika alimkuta mhandisi amelala chali, mguu umekunjika vibaya, juu yake beberu ameinua kidevu.

"Neno lake la kwanza halikuwa 'nakufa'," anasema. "Lilikuwa, 'Usimwambie mtu nilikuja kuangalia nini.'" Siku hizi, anaongeza haraka, mwenyekiti huisimulia habari hiyo mwenyewe, tena kwa chumvi nyingi kuliko yake.

Mguu ulikuwa umevunjika. Akalazwa wodi ya mifupa, na sasa likaja jambo ambalo kanuni zote za bodi hazikuwa na uwezo nalo: mgonjwa huenda kutazamwa. Watu wanaweza kununiana vikaoni miaka na miaka, lakini nani anataka kusikia kwamba mwenzake alilazwa na yeye hakwenda kumpa pole?

Jumapili alasiri Mama Akidi alifika wodini na kikapu cha machungwa. Alimkuta mfanyabiashara, yule wa povu la bafuni. Kidogo akaingia daktari wa meno na mkungu mdogo wa ndizi. Nyuma yake mama mwenye duka la vitambaa. Mwisho kabisa, akiwa na chupa ya supu na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino, akaingia makamu mwenyekiti.

"Nikahesabu vichwa nikadhani nimekosea," anasema. "Nikahesabu tena. Watano! Moyo ulinidunda kama mtu aliyeokota pochi."

Akasimama. Akakohoa. "Waheshimiwa," akasema, "akidi imetimia."

Daktari wa meno akabaki na ndizi mdomoni. Mfanyabiashara akainuka akisema yeye alikuja kumwona mgonjwa tu, na kwamba kusema kweli yuko njiani. Lakini katibu alikuwa ameshasogeza kiti chake hadi mlangoni na kukikalia.

Mwenyekiti naye akataka kufanya kile alichozoea, yaani kutoka nje. Haikuwezekana. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na kufungwa vyuma vya uzito.

"Binti yangu, hii si haki," akalalamika.

"Mzee, hata lile paa si haki."

Mhandisi akatazama juu kwa muda, kama anayetafuta pa kutokea. "Haya. Kikao kimefunguliwa."

"Dari hii haivuji," makamu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mwenyekiti tangu ndevu ziondoke.

"Labda bodi yao inakutana," akajibu mwenyekiti.

Suala la paa lilipita haraka kuliko chai inavyopoa. Wote watano walinyoosha mikono, mwenyekiti akanyoosha ule wenye sindano ya maji hadi muuguzi akapiga kelele kutoka mwisho wa wodi. "Mzee, shusha mkono huo!"

"Naunga mkono hoja!" ikasema sauti kutoka kitanda cha pili. Alikuwa dereva wa lori, paja limefungwa plasta, amejiinua kwenye kiwiko asipitwe na neno.

"Wewe si mjumbe," katibu akamwambia.

"Dada, nimelala hapa wiki nzima naangalia ukuta. Niruhusu hata kuunga mkono tu."

Muuguzi akaja na kutangaza kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Dereva akakunja mikono kama anayeomba dua. "Sista, wape dakika kidogo. Ndiyo kwanza wamefika kwa mbuzi."

Muuguzi akawatazama. Akavuta kiti, naye akaketi.

Makamu ndiye aliyeanza. "Mhandisi, mimi ningetaka kukusema kwa picha ningechagua punda. Mbuzi ukimfukuza huondoka. Wewe umeng'ang'ania maegesho miaka miwili."

"Kwa hiyo hukunifikiria mimi?"

"Hata kidogo. Mpaka uliponyoa."

"Na hukusema!"

"Wewe ungeniuliza!"

"Ningeulizaje?" mwenyekiti akafoka. "Nisimame mbele ya watu niseme, 'Mwalimu, hivi mimi ni mbuzi?'"

Wodi nzima ikaangua kicheko, vitanda vya mbali vikaomba kurudiwa. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alikuwa anavuta shuka, macho ameyainamisha, na Mama Akidi anasema hapo ndipo alipoona kwamba mzee hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu, na alikuwa ameibeba peke yake muda wote ule.

Dereva wa lori akaomba aione hiyo picha. Katibu akampa simu yake. Akaitazama, akamtazama mwenyekiti, akaitazama tena kwa umakini wa mtu anayekagua tairi kabla ya kupanda mlima.

"Hawafanani," akatoa hukumu. "Huyu mbuzi ana raha zake."

Kisha kitanda cha mwenyekiti kikaanza kutikisika, vyuma vya uzito vikagongana, na mzee akacheka hadi machozi, akipiga kelele "Mguu! Mguu jamani!" na kuendelea kucheka. Makamu akammiminia supu. Kura ikapigwa: mbuzi abaki, ila jina libadilike. Sasa anaitwa "Beberu", basi.

Jumatatu katibu aliingia ofisini na kumsimulia mkurugenzi yote. "Nilikuwa nimebahatisha," anakiri. "Sikujua kama kikao cha wodini kinaruhusiwa." Mkurugenzi alijifungia na kanuni hadi mchana, akatoka ameshika kitabu. Kanuni haikutaja mahali, akasema. Ilitaka tu wajumbe wawe wameketi.

"Lakini mwenyekiti alikuwa amelala," katibu akanong'ona.

Mkurugenzi, mtu wa taratibu, akafikiri sana. "Kulala," akasema, "ni kuketi kwa urefu."

Mafundi walipanda juu ya paa wiki iliyofuata, wakashuka siku chache kabla ya masika. Katibu alikwenda mwenyewe hadi kibanda cha mchora mabango kumwomba arudi. Mzee alikuja na brashi. Hakulifuta doa. Aliligeuza wingu, na chini yake akachora mwanamke anayekimbia kuanua nguo, kanga imemteleza begani. Siku hizi hiyo ndiyo picha inayosimamisha watu wengi zaidi.

"Wengi" hapa maana yake ni kumi na watano kwa siku njema, na kati yao watatu huwa wameingia kutafuta choo. Jumba hufunguliwa saa za kazi na kufungwa watu wanapotoka kazini. Jumapili, siku ambayo mji mzima uko huru, milango ina kufuli.

Hiyo ndiyo ajenda aliyoiandika Mama Akidi kwa mkono wake kwa ajili ya kikao cha leo: jumba lifunguliwe Jumapili. Mwenyekiti ameahidi kuunga mkono. Daktari wa meno amesema atajitahidi, jambo linalomtia wasiwasi.

Ikipita, anajua atakachofanya Jumapili ya kwanza. Hatapanda ofisini. Atavaa gauni lake la bluu, atamshika mumewe mkono, na watakata tiketi mlangoni kama watu wengine. Mumewe hajawahi kuona hata picha moja humu, na yeye mwenyewe, anasema, hajawahi kuitazama yoyote bila simu sikioni.

"Nitasimama mbele ya picha moja mpaka nichoke," anasema. "Nitaisogelea karibu kabisa, ninyooshe kidole. Nataka mlinzi anifokee, 'Mama, usiguse!'"

Anacheka peke yake, anainua simu, na kuanza kumtafuta daktari wa meno.