Aliyeshuka na Sidi

Sidi, binti wa mamangu mkubwa, hakuwahi kuvaa sweta mpaka mwaka aliohama Mombasa. Tulilelewa pamoja Bondeni, tukilalia mkeka mmoja, na miezi ya joto tulikuwa tukimwagia sakafu maji ili tupate usingizi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kuishi juu ya Mlima Elgon, mahali ambapo maji ya ndoo huganda alfajiri.

Aliyempeleka ni mumewe, Joab, Mbukusu aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa kisiwani. Walikuwa wamepanga Ganjoni, chumba na sebule. Joab alikuwa mcheshi, mtu wa kuimba akinyoa ndevu, na akicheka nyumba nzima husikia. Mwaka wa tisini na tatu akapunguzwa kazini, kama wengi wakati ule, na badala ya kuhangaika kutafuta kibarua akamwambia mkewe wahame.

"Babu aliniachia shamba juu kabisa, karibu na msitu," alisema. "Huko hununui kitu. Maji yako, kuni zako, maziwa yako."

"Na stima?" Sidi akamuuliza.

"Stima ya nini? Utalala na kuku, uamke na ndege."

Nilikuwapo, na nilidhani Sidi atakataa. Alicheka tu, akaanza kufunga vyombo.

Haya ya mlimani alinihadithia mwenyewe, mara nyingi, na hajawahi kuyabadilisha. Nyumba waliijenga kwa mbao na mabati, wakaziba nyufa kwa matope na moss iliyotoka msituni, ule ukoga mnene unaoota kwenye miti. Maji walichota chemchemi iliyokuwa chini ya boma, na ya mvua waliyakinga kwa pipa. Walikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, kuku, shamba la viazi na sukumawiki. Moto haukuzimwa. Waliufukia majivu wakilala na kuuamsha wakiamka, kwa sababu kuni za kule huwa mbichi na kiberiti hunyonya unyevu kikakataa kuwaka. Taa ya mafuta waliiwasha kwa kula tu. Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya bonde, na siku za ukungu hata moshi wake hauonekani.

Asubuhi ya kwanza ya jalidi, Sidi alifungua mlango akaona nyasi zote nyeupe. Alidhani Joab amemwaga unga. Akainama, akaushika, ukamchoma vidole, kisha ukawa maji.

"Nilitaka kulia," aliniambia. "Halafu jua likatoka, nikaona jinsi linavyong'aa, nikasahau."

Alijifunza. Alijifunza kuvaa soksi mbili, kukausha nyama juu ya moshi, kuhifadhi viazi shimoni chini ya majani makavu. Alijifunza kwamba kimya cha mlimani hukikuta pale pale ulipokiacha, na kwamba ukikaa nacho sana unaanza kujisemesha. Joab aliimba, kwa hiyo alivumilia. Anasema mwaka wa kwanza walikuwa na raha kuliko Ganjoni.

Mwaka wa pili, katika majira ya mvua, ng'ombe alipotea. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Joab alichukua kamba na fimbo akaingia msituni kumtafuta, na nyuma yake ukungu ukateremka kama mtu ashushaye pazia. Sidi alisimama mlangoni akigonga debe ili mumewe afuate mlio. Aligonga mpaka mikono ikafa ganzi. Giza lilipoingia akaita, akaita, hakuna aliyeitika. Ng'ombe alirudi peke yake kulipopambazuka, kamba ikiwa shingoni.

Joab alirudi siku iliyofuata. Alitokea upande wa chemchemi, akitembea polepole, nguo zimelowa chapachapa. Sidi alimkimbilia akamkumbatia, na anasema alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akamvua nguo, akamkalisha karibu na moto, akampa chai. Joab aliipokea, akaiweka chini, akaingoja ipoe kabisa ndipo akanywa.

"Ulilala wapi?" Sidi alimuuliza.

"Nilikuwa karibu," alijibu.

Tangu siku ile hakuimba. Alifanya kazi zake zote, tena zaidi ya zamani, maana sasa aliamka kabla ya Sidi akamtekea maji, kazi ambayo Joab hakuwahi kuifanya hata mara moja. Koti lake lilikaa msumarini. Hakupuliza vidole, hakusogelea moto, hakutetemeka. Siku moja ya jalidi Sidi alimtazama akivuka uwanja kuelekea chemchemini. Mtu akikanyaga jalidi huacha alama nyeusi pale lilipoyeyuka. Nyuma ya mumewe nyasi zilikuwa zimelala, lakini zilibaki nyeupe.

Alijiambia kwamba ni ugonjwa. Mtu aliyepigwa na baridi kiasi kile mwili wake lazima ubadilike.

Kisha akaisikia sauti. Walikuwa wameketi jikoni mchana, wakimenya viazi, ukungu umeshuka mpaka dirishani. Kutoka msituni mtu akaita, kwa mbali: "Sidi! Gonga debe, sioni njia."

Ilikuwa sauti ya Joab. Na Joab alikuwa ameketi mbele yake, kisu mkononi, ganda la kiazi likining'inia.

Sidi aliinuka. Yule aliyeketi hakumtazama. "Usiitike," alisema kwa upole.

"Ni nani?"

"Ni ukungu."

Akarudi akakaa. Sauti ikaita tena, ikanyamaza. Ikawa hivyo kila ukungu ulipoteremka, na kule ukungu huteremka karibu kila siku. Mara ilikuwa mbali, mara ilikuwa nyuma ya banda la kuku. Haikutisha kwa maneno. Ilisema, "Sidi, nimelowa." Ilisema, "Sidi, nioneshe mlango." Sidi aliziba masikio kwa kanga, akageuza uso ukutani. Alikuwa amepata mimba wakati huo, naye alimwogopea mtoto. Hatimaye akamwambia mumewe kwamba anataka kuzaa kwao. Yule mume hakubisha. Walimwachia jirani ng'ombe, wakashuka.

Nilikwenda stesheni kuwapokea, nami nikamwamkia shemeji yangu kwa kumpa mkono. Nilidhani ameshika chupa ya maji baridi. Hakuwa ameshika kitu.

Walipata chumba katika nyumba yetu ya Bondeni, mlango wa tatu kutoka wangu. Mtoto akazaliwa, msichana, mzima, wa moto kama watoto wote, akaitwa Nasipwondi kwa kabila la babake. Sidi alianza kupika mahamri na mbaazi za asubuhi. Sauti ilikuwa imebaki mlimani, na taratibu uso wake ukarudi kuwa ule niliomjua nao.

Joab ndiye aliyeteseka. Joto lilimchosha kama homa. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, bila kutoa hata tone la jasho, macho yamefifia. Mwishowe alipata kazi Mji wa Kale, katika kiwanda kidogo cha barafu cha mzee mmoja aitwaye Jamaldin. Walitengeneza mabonge ya barafu ya kuwauzia wenye samaki na wenye sharubati, wakiyapanga katika chumba cha baridi chenye mlango mnene wa mbao. Wafanyakazi wengine waliingia mle wamejifunika magunia, wakatoka mbio. Joab aliingia na shati tu, akakaa. Akitoka huwa mchangamfu, na jioni alimbeba mtoto wake begani akampeleka kununua njugu.

"Mumeo mtu wa ajabu," Jamaldin alimwambia Sidi siku moja alipompelekea chakula. "Sijapata kumsikia akisema baridi. Lakini mtu mwema, mwanangu. Heshima anayo."

Tulikaa hivyo mpaka mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba, mvua zile kubwa ziliponyesha. Wote mwazikumbuka. Ukuta uliota ukungu, nguo hazikukauka, na upande wa Feri kuna siku ulisimama usiione Likoni. Stima ilikuwa ikikatika ovyo. Mchana mmoja ilikatika na haikurudi, mashine za Jamaldin zikanyamaza, na Sidi akawasili na sufuria ya wali, mtoto mgongoni, akawakuta wanatoa barafu kabla haijayeyuka yote.

Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa wazi. Hewa ya nje ilikuwa nzito na ya moto kwa mvua, na ilipokutana na baridi ya mle ndani ukazuka mvuke mweupe, ukamwagika sakafuni, ukapanda mpaka kiunoni, ukaujaza ua. Sidi alisimama. Anasema aliutambua kwa harufu. Ulinuka majani mabichi na moss.

Ndani ya mvuke mtu akaita. "Sidi."

Mumewe alikuwa kando yake, gunia mkononi. Alilitua. Sauti ikaita tena, na haikuwa kama ya mlimani. Ilikuwa imechoka, sauti ya mtu anayetaka kujilaza chini pale alipo. "Sidi, siwezi tena."

Sidi alimgeukia mumewe akingoja amwambie asiitike. Yule mume alimtazama kwa muda, akamtazama mtoto aliyelala mgongoni, akamfunika mguu uliochungulia nje ya kanga.

"Amechoka," akasema. "Muitikie, basi."

"Na wewe?"

Akageukia mlango. Aliingia chumba cha baridi kama alivyoingia siku zote, bila haraka, na mvuke ukamfunika.

Sidi akavuta pumzi. "Abee," akaitika. "Niko hapa. Fuata sauti yangu."

Akaendelea kusema, hajui alisema nini, mpaka mtu akatokea mlangoni. Alikuwa amevaa shati lile lile la asubuhi. Lakini alikuwa akitetemeka, meno yakigongana, mikono ameikumbatia kifuani, machozi yakimtoka kwa baridi. Alimwangukia Sidi, na Sidi akahisi kwamba chini ya ule ubaridi wa ngozi kulikuwa na joto la mtu.

"Ng'ombe amerudi?" akamuuliza.

Jamaldin alikuja na magunia wakamfunika. Joab alikuwa akitazama kuta, mapipa, anga, wale watu asiowajua. Akauliza mbona kuna joto. Akauliza hapa ni wapi. Kisha akamwona mtoto.

"Huyu ni wa nani?"

Jamaldin alichukua taa akaingia chumba cha baridi, akapita kati ya mabonge mpaka ukuta wa mwisho, asimkute mtu. Akatoka, akaurudisha mlango, akasoma alichosoma kimoyomoyo. Kwake Joab alikuwa amepotewa na akili kwa sababu ya baridi, na ndivyo alivyowaambia watu, na watu wakaamini. Mimi niliishi nao mlango wa tatu. Jioni ile nilipompa shemeji mkono, ulikuwa wa moto.

Joab wa sasa hajui lolote la miaka ile. Anakumbuka kamba ya ng'ombe, miti, na ukungu, na mlio wa debe uliokuwa ukihama kila alipoukaribia. Anadhani ulikuwa mchana mmoja mrefu. Tulimfundisha njia ya kwenda sokoni, majina ya wapangaji, na namna Nasipwondi anavyopenda kubebwa. Mwanzoni mtoto alimkataa. Alisimama mlangoni jioni, akingoja aje yule wa njugu, na Sidi alikuwa akiingia ndani asimwone. Muda ulipita, wakazoeana. Joab amefungua banda la kuchomelea madirisha karibu na Feri, na asubuhi huimba tena mpaka wapangaji wanalalamika.

Mwaka jana, tukiwa tumekaa barazani watatu, mimi nikikuna nazi, Joab alimuuliza mkewe jambo ambalo nadhani alikuwa ameliweka moyoni siku nyingi.

"Yule, alikutendea vipi?"

Sidi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. "Hakusema sana," akajibu. "Alinitekea maji kila asubuhi. Mtoto alimpenda."

"Nawe?"

Alipepeta ungo mara moja, pumba zikaruka. "Nilikuwa nimemzoea," akasema.

Joab aliitikia kwa kichwa, akaenda zake kuoga. Ndipo Sidi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mvua ikinyesha humfikiria yule mwingine, kule juu, bila mtu wa kumgongea debe. Angependa kupanda siku moja amwite, walau amshukuru. Lakini hajui angemwita kwa jina gani.