Sentensi Iliyofuta Wagonjwa

Ofisini walimwita Pilipili, naye hakujali, maana jina lenyewe alilipata kwa haki. Mtu akiandika programu ovyo ovyo alimwambia papo hapo, awe mgeni, awe meneja. Lakini hasira ya safari hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa hasira ya mtu aliyefanya kazi yake sawasawa, kisha akaangushiwa jumba bovu.

Kampuni yao ndogo ilitunza mfumo wa miadi wa hospitali ya macho. Mgonjwa akipangiwa siku ya kupasuliwa, jina lake liliingizwa humo, likakaa kimya mpaka siku yake ifike. Mfumo ulikuwa umeanza kujikongoja, kurasa zikifunguka kwa taabu, na Pilipili akapewa kazi ya kuuchangamsha. Chombo walichotumia kuujenga, programu iliyotoka kampuni nyingine, kilikuwa na amri iitwayo "safisha". Akafungua mwongozo wake. Ulisema hivi: "Amri hii husafisha kumbukumbu zisizotumika." Basi. Hapana mfano, hapana onyo, hapana hata neno la kueleza kumbukumbu isiyotumika ni ipi.

Yeye alielewa ni yale mabaki ambayo programu huyaacha nyuma ikimaliza kazi. Akaijaribu amri kwenye kompyuta ya majaribio, mambo yakaenda vizuri. Akaitumia kwenye mfumo wenyewe. Kurasa zikaanza kufunguka chapchap, na meneja akampigia makofi.

Asubuhi iliyofuata aliomba ruhusa amsindikize mama mkwe wake hospitalini. Mama huyo alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na siku ya upasuaji aliingojea tangu mwaka uliopita. Alivaa gauni lake la kutokea. Karani wa mapokezi akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena.

"Mama, jina lako halimo."

"Halimo vipi, mwanangu? Si wewe mwenyewe uliyenipangia?"

"Leo halimo jina la mtu yeyote. Kompyuta inasema hatuna wagonjwa."

Nyuma yao mabenchi yalijaa watu wenye njaa, maana wote walikuwa wameambiwa waje bila kula. Pilipili aliwatazama, akaikumbuka amri ya jana. Alijua.

Kumbe chombo kile kilihesabu kuwa "haitumiki" kumbukumbu yoyote ambayo haijafunguliwa kwa muda mrefu. Na miadi iliyopangwa mapema ndiyo hasa isiyofunguliwa na mtu. Kwenye kompyuta ya majaribio kila kitu kilikuwa kipya, ndiyo maana hakikuguswa. Nakala ya akiba ilikuwepo, ila ilikuwa ya zamani, haikuwa na hata nusu ya majina.

"Hukusoma mwongozo?" meneja alimfokea Pilipili aliporejea ofisini.

"Nimeusoma! Hebu usome na wewe, uniambie umeelewa nini."

Meneja akausoma, akakohoa. "Fundi ni wewe, si mimi," akasema, na kabla ya chakula cha mchana barua ya onyo ilikuwa mezani kwa Pilipili.

Pilipili aliiacha palepale, akashika njia hadi kwenye kampuni iliyotengeneza kile chombo, upande wa pili wa mji. Alimtaka aliyeandika sentensi ile. Wakamtolea mwanamume mpole mwenye miwani, shati limechomekwa vizuri.

"Sentensi hii ni yako?"

"Ni yangu. Yaani, iliyobaki ndiyo yangu." Akashusha sauti. "Nilikuwa nimeandika na onyo chini yake, kwamba amri inafuta na hairudishi. Watu wa mauzo wakalikata. Walisema linatisha wateja."

"Ukanyamaza?"

"Dada, nina watoto."

"Na mimi nina mama mkwe asiyeuona mlango wa choo mpaka aupapase!"

Vichwa vikainuka ofisi nzima. Pilipili akavuta kiti, akaketi kando yake. "Lirudishe. Sasa hivi, nikiona."

Mkuu wa mauzo alikuja mbio kuuliza kuna nini. Pilipili hakumpa hata nafasi ya kumaliza swali. "Kaa hapa na wewe, umsomee huyu maneno uliyoyakata, aandike." Mkuu akaguna kwamba mambo hayo yana utaratibu wake. Yule wa miwani hakumngojea. Aliandika onyo lote upya, akalichapisha mtandaoni.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa bado hajavua lile gauni.

"Aliyefuta ni mimi, Mama," Pilipili alisema akiwa amesimama. "Mkono ni wangu."

Mama akaigeukia sauti yake. "Na hao waliokuandikia upuuzi?"

"Natoka kwao."

"Umewapiga?"

"Hapana, Mama."

"Hata kofi moja? Basi umetoka bure." Kisha akaanza kulia, na Pilipili hakujua ashike nini.

Mama alipasuliwa baadaye, jicho moja kwanza, akapona. Barua ya onyo haikufutwa. Pilipili alimwomba meneja aiondoe, akamwomba tena, na kila mara aliambiwa suala limefungwa. Yeye na wenzake walipiga simu wakiwatafuta wagonjwa, wakiokoteza namba kwenye karatasi za mapokezi na kwa ndugu wa wagonjwa. Wengi walipatikana. Wengine walitukana, naye akayapokea matusi bila kujibu. Lakini kulikuwa na wazee ambao karani aliwakumbuka kwa sura tu, na hakuna aliyejua wanakoishi. Hao hawakurudi.